Tupeane uzoefu: mliojifungua kwa kisu, kidonda mlikitunzaje kienyeji?

Habarini wapendwa. Mdogo wangu kajifungua kwa oparesheni hapa Tanga mjini, sasa nyumbani mashangazi washajaa, huyu anachemsha maji ya kumkanda, yule kaleta manjano anataka yapakwe juu ya mshono, mkaja wa kumfunga tumbo nao ushatolewa sandukuni. Nesi kasema kidonda kikae kikavu kisiguswe. Nyie mlifanyaje?

mama wawili, Makorora
Mi wa kwanza njia ya kawaida wa pili kisu, so najua tofauti. Wa kisu hakandwi tumbo jamani!! Ngozi juu unaona imefunga ndani ya wiki mbili ila huko ndani kuna nyuzi tabaka kwa tabaka, ni wiki sita hivi ndo pashike vizuri. Bibi yangu alinikanda mgongo na mabega tu, maji ya vuguvugu, tumbo akaliruka. Raha yake usipime

wa Pangani
Dawa ni sufuria. Supu ya changu, pweza, mayai, maharage, mwili unajenga nyama kwa hivyo. Na papai na maji mengi maana choo kigumu na mshono mbichi ee bwana weee utaita majina yote ya marehemu

shangazi mtu
Manjano mimi hapana. Wifi yangu Muheza alipakwa na mafuta ya nazi, mshono ukatoa usaha na homa juu, akarudishwa hospitali wakamsafisha na kumpa antibayotiki. Sisemi manjano ndo yalileta, ila chini ya ule uji wa njano nani angeuona wekundu mapema? Mama mkwe akawa anasema ni jicho, siku zinaenda.

Mdigo halisi
@shangazi mtu na asali je? mbona wanasema hata hospitali wanatumia

shangazi mtu
Ile inapigwa mionzi kuua vijidudu, sio hii ya chupa ya soda ya pale stendi. Ya stendi tia kwenye uji

mama wawili, Makorora
Mkaja mi nilifunga, kanga laini, sio ule wa kukata pumzi. Unashikilia tumbo ukiinuka kitandani. Kukohoa kumbatia mto. Ila kidonda kikinuka, kikivimba, kikifunguka au homa ikipanda, fungua mkaja wahi hospitali usiku huohuo, habari ya kungoja arobaini achana nayo.

baba K
Wanaume naona mmekimbia. Hamjataja ndoo. Wife aliambiwa asibebe kitu kizito kumzidi mtoto, na kwetu maji ni ya kuchota, basi nikachota mwenyewe na nepi nikafua, mama yangu kaninunia mpaka leo eti nimelishwa limbwata