Mrejesho: vyuma vya kushikilia na mlango wa choo cha zahanati

Wakuu, niliuliza kwa nini vyuma vya kushikilia vinang'oka ukutani, na kwa nini mwenye kiti cha magurudumu anaingia ila hawezi kugeuka. Asanteni sana, choo kinatumika.

Ukuta ni wa bloku zenye matundu, kwa hiyo skrubu na plagi za plastiki hazikuwa na pa kung'ata. Fundi alifungua bloku, akajaza matundu zege, akasubiri siku saba ndipo akafunga bolti ndefu. Chuma chenyewe cha kushikilia ni bomba la unene wa milimita 35, limeachana na ukuta milimita 40 tu. Nafasi ikiwa kubwa, mkono ukiteleza unanasa humo, na mtu anaweza kuvunjika.

Mlango sasa unafunguka kwa nje, upana wazi sentimita 90. Ulipokuwa ukifungukia ndani ulimeza duara la mita 1.5 la kugeuzia kiti. Tena mtu akianguka ndani, mwili wake unauzuia.

Ubavuni mwa choo sentimita 90 ziko wazi kwa kuhamia chooni kutoka kwenye kiti cha magurudumu. Jamani, msiweke ndoo na fagio hapo!

Limebaki bomba la maji: liko nyuma, aliyekaa halifikii. Linahamishiwa ubavuni.