MREJESHO: Likizo ya Januari kisiwani Malta

Wakuu, niliwahi kuuliza hapa kama inafaa kwenda Malta Januari, ilhali watu wengi huikimbilia majira ya joto. Nimesharejea, nami nawashukuru nyote mlionishauri.

Baridi yake inavumilika, ila mvua huja kwa ghafla na upepo wa baharini hupenya hadi mifupani, hasa ukiwa juu ya ngome za Valletta, mji mkuu ambao mashujaa wa Mtakatifu Yohana, shirika la kidini la wapiganaji Wakatoliki, walianza kuujenga mwaka 1566, baada ya kuzingirwa na majeshi ya Waturuki mwaka uliotangulia. Katika kanisa kuu la mashujaa hao, sakafu nzima imetandazwa makaburi ya marumaru za rangi, na ukiinama utaona mifupa iliyochorwa kwa vipande vya mawe, mingine ikishika mundu. Humo pia umo mchoro wa msanii Mwitaliano Caravaggio wa mwaka 1608, unaoonyesha kukatwa kichwa kwa Yohana Mbatizaji, ambao sahihi yake imeandikwa ndani ya damu inayomwagika. Nilikaa mbele yake muda mrefu bila kusukumwa na mtu, faida ambayo sidhani kama Agosti ingenipa.

Aliyenisisitizia kukata mapema tiketi ya Hypogeum, makaburi ya chini ya ardhi yaliyochongwa miaka zaidi ya 4,000 iliyopita, alisema kweli: huingizwa watu kumi tu kwa saa, hata msimu huu. Gozo, kisiwa jirani, nilivuka kwa feri kutoka bandari ya Ċirkewwa. Mahekalu ya kale ya mawe ya Ġgantija, yaliyo huko Gozo, yanastahili safari hiyo.