Picha za Emily Kngwarreye: mnunuzi asiyejua hadithi kanunua nini?

Nukta Moja (mleta mada)
Wakuu, kwa wasiomjua: Emily Kame Kngwarreye alikuwa bibi wa kabila la Anmatyerre, katikati ya jangwa la Australia, sehemu inayoitwa Utopia. Alizaliwa karibu mwaka 1910. Tangu ujana alichora miili: kwenye awelye, ngoma za wanawake, wanapakana mistari ya udongo wa rangi vifuani na mabegani huku wakiimba nchi yao. Mwaka 1977 akaingia kwenye batiki na wenzake. Turubai la kuchorea picha alianza kulishika mwishoni mwa 1988, umri umeshapita miaka 75, na hadi anafariki 1996 inakadiriwa alikuwa amechora picha 3,000 hivi. Alikaa chini amekunja miguu, turubai limetandazwa ardhini, anachora kuelekea pembeni.

Watu wa nje wakamfananisha na wachoraji wa kizungu, Monet na Pollock, eti rangi tupu. Yeye akiulizwa amechora nini anajibu ni vyote: kiazi cha mwituni, mbegu za majani, mjusi wa miiba, emu (ndege mkubwa kama mbuni), na kwao kila kimoja kina hadithi ya mababu. Hilo jina lake la Kame lenyewe ni mbegu ya kiazi hicho. Tate Modern ya London ilimfanyia maonyesho makubwa mwaka 2025, ndiyo maana nauliza: ni sawa hadithi ya mababu kuuzwa kwa mtu ambaye hataambiwa hadithi yenyewe?

Bahari Beach
Sawa vipi tena, si alilipwa? Tatizo ni malipo. Picha moja ilikwenda dola milioni tano na bibi wa watu alikuwa analala nje na mbwa. Hayo ya mababu mtayajadili mkishashiba.

Kalamu Kavu
Mkuu, milioni tano umeziokota wapi? "Earth's Creation" ya 1994 iliuzwa dola za Australia milioni 1.056 mwaka 2007, ikauzwa tena milioni 2.1 mwaka 2017. Mara zote mbili mwenyewe yuko kaburini. Ukitaka kulia, lilia "Warlugulong" ya Clifford Possum, mchoraji mwingine wa jangwa hilo: 1977 ilinunuliwa dola 1,200, na 2007 jumba la taifa la sanaa likailipia milioni 2.4. Ndipo wakatunga sheria ya kumpa msanii au warithi wake asilimia 5 picha ikiuzwa tena. Imeanza kazi 2010, na kwa picha zilizokuwepo tayari, mauzo ya kwanza baada ya hapo yanarukwa.

Bahari Beach
Milioni moja, milioni tano, kwa bibi aliyekufa tofauti ni nini? Umekuja kusahihisha mtihani.

Fundi Rangi
Mimi nachora Tingatinga hapa Dar, niwape siri ya kazi. Mtalii hanunui chui. Anasimama, anauliza, "Hii ina maana gani?" Ukimwambia ni chui, anaondoka. Ukimwambia huyu ndege mgongoni mwa chui ni roho ya mwanzilishi wa kijiji na anamlinda kiangazi, anatoa pochi. Hadithi nyingine natunga huku nasubiri rangi ikauke. Kwa hiyo hao wa jangwani nao, sijui, lakini soko nalijua.

Kaya ya Kilifi
Wewe fundi ndiye unayetuchafulia. Huku kwetu vigango, nguzo za mbao za kuwakumbuka marehemu wazee wa Gohu (chama cha wazee wa Kimijikenda), viling'olewa usiku, vikauzwa Marekani kama mapambo ya sebuleni. Makumbusho ya Denver, huko Marekani, walikubali kurudisha 30 mwaka 2014 baada ya watu kuhangaika kueleza kwamba kile ni mtu, si gogo. Halafu unakuja wewe kujisifu kwamba roho za mababu unazitunga huku rangi inakauka! Kesho tukisema kigango kina mwenyewe, nani atatuamini?

Fundi Rangi
Kaka, punguza povu. Mimi nimeiba kigango cha nani? Nimechora chui.

Mama Shufaa
Nimecheka hapo kwa chui. Lakini Kaya ana hoja. Mwongo mmoja sokoni anapunguza bei ya wakweli wote.

Kalamu Kavu
Na marehemu Edward Tingatinga usimsingizie. Aliyeuawa kwa risasi ya polisi 1972 alikuwa anachora wanyama kwenye mbao za dari kwa rangi za kung'aa. Hayo ya roho mmeyaleta nyie vijana.

Fundi Rangi
Kijana ni nani? Nina wajukuu, mzee. Na ada zao zinalipwa na huyo ndege.

Nukta Moja (mleta mada)
Jamani, tumetoka nje ya mada. Kule jangwani hadithi ina ngazi. Wanaume wa Papunya, makazi mengine ya jangwani, walipoanza kuchora kwenye vibao 1971, vingine vilionyesha vitu vya siri, na wenzao wa jangwani wakachukia sana. Baadaye vitu hivyo vikaondolewa au kufunikwa kwa nukta. Mwaka 1976 mahakama ilizuia hata kitabu cha mtafiti mzungu kisiuzwe, kwa sababu kilianika siri za ibada ambazo wanawake na watoto hawaruhusiwi kuziona. Kwa hiyo mnunuzi kutoambiwa si uzembe, ni sheria yao.

Bahari Beach
Basi mnunuzi kauziwa ganda.

Mama Shufaa
Ganda kwa nani? Mgeni akinunua kanga anachukua rangi, jina hawezi kulisoma, na kanga haijapungua chochote. Ninachotaka kujua mimi ni kama huyo bibi alichora mia tatu na kitu kwa mwaka kwa kupenda, au wanunuzi walimpangia foleni. Ndugu wengi walikula kwa mkono wake.

Kaya ya Kilifi
Mama Shufaa, hilo la kanga nimelikubali. Fundi bado hajanijibu.

Fundi Rangi
Nijibu nini? Bibi huyo alikuwa na hadithi ya kweli akaibana, akasema "vyote" tu, watu wakalipa mamilioni. Mimi sina, natunga, napata ya ada. Kati yetu nani kamdanganya mtalii?

Kaya ya Kilifi
Wewe! Kwani hilo nalo ni la kuuliza?

Kalamu Kavu
Fundi, ile ya chui na ndege bado ipo? Unaiuzaje bila roho?

Fundi Rangi
Bila roho elfu themanini. Njoo Jumamosi, asubuhi.