Kikundi cha familia: chupa ipi ya pilipili?

Zuhura: Jamani, nipo mbele ya rafu ya sosi za pilipili na kichwa kinaniuma. Kila chupa ina ndimi za moto. Nichukue ipi ya kuweka mezani Jumamosi?

Idi: Iliyo kali kuliko zote 🔥🔥

Shangazi Rehema: Wewe Idi nyamaza. Mara ya mwisho ulitokwa na kamasi mezani ukasema eti una mafua.

Idi: Yalikuwa mafua, shangazi 😒

Mjomba Salum: Zuhura, ukali uache kwanza. Unaitia kwenye chakula gani?

Zuhura: Shikamoo mjomba. Asubuhi mayai, mchana samaki wa kukaanga, halafu kuna maharage. Na baba hataki siki nyingi, analalamika kiungulia.

Mjomba Salum: Marahaba. Basi geuza chupa, hizo picha za mbele ni mapambo. Soma viungo. Kwa kawaida vinapangwa kwa uzito, kinachotangulia ndicho kingi. Ikitangulia siki, jua hiyo ni nyepesi kama maji na ni chachu. Ikitangulia pilipili, itakuwa nzito zaidi na utaisikia pilipili yenyewe.

Zuhura: Hii imeandikwa siki, pilipili nyekundu, chumvi. Basi. Tabasco.

Mjomba Salum: Hiyo ni ya zamani sana, ilianza kutengenezwa Louisiana, Marekani, mwaka 1868. Pilipili inasagwa na chumvi, inawekwa kwenye mapipa ya mwaloni, inaweza kukaa humo hadi miaka 3, ndipo inachanganywa na siki. Kwa samaki wa kukaanga ni nzuri, inakata mafuta na shombo. Kwa maharage sikushauri, utabaki unasikia siki tu.

Shangazi Rehema: Mimi ndiyo naitaka hiyo hata kwenye maharage. Chakula bila uchachu kinanipooza mdomo.

Mjomba Salum: Bi Rehema wewe kunywa siki kwa glasi tujue moja 😂

Baba: Hiyo ni kali mno.

Mjomba Salum: Shemeji, kwa ukali iko chini. Ile nyekundu ya kawaida ni kama 2,500 hadi 5,000 kwa kipimo cha Scoville. Kinachokusumbua ni siki. Ingawa kwa kiungulia hata pilipili yenyewe ina mkono wake, nisikudanganye.

Idi: Kipimo cha nini?

Mjomba Salum: Cha ukali. Mwaka 1912 mfamasia Mmarekani, Wilbur Scoville, aliizimua dondoo ya pilipili, yaani makali yaliyotolewa kwenye pilipili, kwa maji ya sukari, akawapa watu waonje, akaendelea kuizimua mpaka wasisikie tena kuwashwa. Pilipili iliyohitaji kuzimuliwa sana ndiyo kali. Siku hizi wanapima kwa mashine. Pilipili aina ya jalapeño ni 2,500 hadi 8,000. Aina ya habanero inaanzia kama 100,000 na inaweza kufika 350,000.

Idi: Na inayoongoza duniani?

Mjomba Salum: Pepper X, iliingia kitabu cha rekodi cha Guinness mwaka 2023. 2,693,000.

Idi: Dada tafuta hiyo 🙏

Shangazi Rehema: Na ndoo ya kulilia tafuta pia.

Zuhura: Hii nyingine ina picha ya habanero kubwa. Ndiyo 350,000 hiyo?

Mjomba Salum: Hapana, hiyo ni namba ya pilipili, siyo ya chupa. Angalia kama kuna karoti au tunda humo ndani.

Zuhura: Karoti ndiyo ya kwanza!

Mjomba Salum: Umeona. Karoti inaleta utamu na kupunguza makali. Habanero ina harufu fulani ya matunda, kwa hiyo sosi ya hivyo huwa nzuri kwa kuku na samaki. Ila ukiona neno dondoo ya pilipili kwenye viungo, rudisha chupa. Hizo zinatengenezwa kwa ajili ya kushindana, zinawasha na kuacha uchungu mdomoni.

Mama Neema: Si achukue tu iliyotolewa mbegu? Haitawasha.

Mjomba Salum: Mama Neema, wengi tunadhani hivyo. Ukali umejaa kwenye ule utando mweupe unaoshika mbegu. Mbegu zinapakwa tu ukali huo.

Mama Neema: Eeh! Na mimi navyohangaika kutoa mbegu kwa ncha ya kisu moja moja 😩

Zuhura: Kuna nzito, ya pili ni sukari, halafu kitunguu saumu.

Mjomba Salum: Jamii ya sriracha hiyo, sosi ya pilipili yenye asili ya Thailand. Kwa mayai safi kabisa. Ukiipika, itie mwishoni, sukari inaungua haraka.

Baba: Sukari kwenye mayai? Hapana. Maharage je?

Mjomba Salum: Maharage tafuta iliyoandikwa chipotle. Ni jalapeño iliyoachwa ikaiva ikawa nyekundu, ikakaushwa kwa moshi. Ule moshi na maharage vinaelewana. Na mara nyingi si kali.

Baba: Isiyo na siki kabisa.

Mjomba Salum: Hiyo shemeji utatafuta sana. Siki ndiyo inayozuia sosi isiharibike. Mwambie achague ambayo siki imeandikwa mwishoni mwishoni.

Zuhura: Ipo! Chipotle, siki ya nne. Nachukua hiyo ya baba na Tabasco ndogo ya shangazi. Ya karoti ya kila mtu.

Shangazi Rehema: Mungu akuzidishie mwanangu ❤️

Idi: Mimi je?

Zuhura: Ya karoti ndiyo yako. Kunywa na maji.

Mjomba Salum: Maji hayasaidii, kinachowasha hakiyeyuki kwenye maji, utakisambaza tu mdomo mzima. Maziwa au mtindi. Na mkifungua msimimine kwenye chakula moja kwa moja. Tone moja kwenye kipande cha mkate, msubiri kidogo. Habanero huwa inachelewa kupanda, mtu anaongeza akidhani haina kitu.

Baba: Zuhura, maziwa yapo hapo?

Zuhura: Yapo baba. Pakiti ngapi?

Baba: Idi anakuja Jumamosi?

Zuhura: Anakuja.

Baba: Nne.

Idi: 😑