Naomba ushauri: vipimo viwili vya sukari vya mama havikubaliani

Asalaam aleikum ndugu zangu. Niko Malindi, namuuguza mama mwenye kisukari. Kila asubuhi kabla ya chai namdunga kidole, ncha zenyewe zimeshakuwa sugu, na kijimashine cha nyumbani huonyesha 10 au 11 (mmol/L), yaani sukari iko juu. Majuzi akapimwa HbA1c, ile ya wastani wa sukari wa miezi mitatu, ikatoka asilimia 5.8, karibu na kawaida. Daktari kafurahi, anataka kumpunguzia dawa. Mimi roho haitulii.

Ninavyofahamu, kipimo hicho husoma sukari iliyojishika kwenye himoglobini (protini inayobeba oksijeni) ya chembe nyekundu za damu, ambazo huishi takriban siku 120. Sasa mama amerithi seli mundu upande mmoja: haugui, ni kama wengi huku pwani. Nimesoma kwamba baadhi ya mashine huvurugwa na himoglobini S, ndiyo hiyo ya seli mundu, nyingine hazisumbuki. Tena chembe zikifa mapema kwa sababu yoyote, namba hushuka hata kama sukari iko juu.

Wataalamu wa maabara, nisaidieni. Pale maabara niulize nini hasa? Jina la mashine na mbinu yake latosha? Na kipimo cha fruktosamini, kinachoonyesha wiki mbili tatu zilizopita bila kutegemea himoglobini, chapatikana Malindi au mpaka Mombasa? Halafu nimweleze vipi daktari bila kumvunjia heshima? Kliniki ni wiki ijayo, na kwa sasa mama anaendelea na vidonge vyake vilevile.