Mbona uvumbuzi mwingine unalala karne nzima ndo uje ushike?

mdadisi77
Wakuu naombeni mnifafanulie. Tunaambiwaga shida ndo inazaa uvumbuzi, sasa Heron, mvumbuzi wa Alexandria kule Misri, karne ya 1 huko alishaelezea tufe linalozunguka kwa nguvu ya mvuke na hakuna kilichobadilika. Mvuke umekuja kugeuza dunia miaka 1,600 na ushee baadae. Kwani watu wa zamani hawakua na shida?

fundi_bomba
Shida peke yake haitoshi mkuu, angalia na mahesabu. Migodi ya makaa Uingereza ilikua inajaa maji, kadiri unavyochimba chini ndo maji yanavyozidi, na farasi wa kuzungusha mitambo ya kuyavuta wanataka kula kila siku. 1712 Thomas Newcomen akaleta pampu ya mvuke, ile mashine ilikua inakula makaa balaa, kwingine ingekua hasara tupu, ila pale imekaa juu ya mgodi wenyewe inachoma hata yale makaa vumbi yasiyouzika. James Watt kapata hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) ya mashine yake ya mvuke 1769, akapunguza ulaji wa makaa, hapo ndo mvuke ukaweza kuhama mgodini ukaingia viwandani. Heron angemuuzia nani?

Mama Zu
Na sio lazima kiwe kitu cha ajabu. Kontena ni sanduku la chuma tu jamani! Kabla yake makuli walikua wanabeba gunia kwa gunia, meli inakaa bandarini siku kibao. Aprili 1956 Malcom McLean, mtu wa malori, akapakia makontena 58 kwenye meli kutoka Newark hadi Houston, huko huko Marekani. Baadae vipimo vikawa sawa dunia nzima, biashara ikafunguka, makuli wengi wakakosa kazi na mi hao nawaonea uchungu sana.

msomaji_wa_usiku
Naongezea la kilimo, hili linaniuma. Pamba ya nyuzi fupi mbegu zake zinang'ang'ania, unazitoa kwa vidole siku nzima unapata kiasi kidogo tu. 1793 Eli Whitney Marekani akatengeneza mashine, meno yanavuta nyuzi kupitia vijinafasi ambavyo mbegu haipiti. Ungedhani watumwa watapumzika, kumbe kazi ya kuchambua imekua rahisi wenye mashamba wakalima zaidi, na kuvuna bado ni kwa mikono. Watumwa walikua kama 700,000 mwaka 1790, kufika 1860 karibu milioni 4.

mdadisi77
Daah. Kwa hiyo swali langu lilikua nusu, nilitakiwa niulize pia mashine iko mikononi mwa nani.