Naomba ushauri: kipimo cha kumbukumbu kwa mama aliyeishia darasa la tatu

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu.

Mama yangu ana miaka 71, anaishi Moshi. Tangu mwaka jana anarudia swali lilelile mara tatu ndani ya nusu saa, na mwezi uliopita alipotea akitoka sokoni, soko analokwenda tangu sijazaliwa. Ndugu wanasema ni uzee tu. Mimi moyo unakataa.

Tulimpeleka hospitali. Presha, sukari, tezi ya shingo na vitamini B12 viko sawa. Akapewa kile kipimo cha maswali cha alama 30: tarehe ya leo, kukumbuka maneno matatu, mia toa saba mfululizo, kuandika sentensi, kunakili mchoro. Akapata 18. Daktari akasema huenda ni mwanzo wa Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu taratibu, turudi baada ya miezi sita.

Kinachonichanganya ni kwamba mama hakusoma zaidi ya darasa la tatu. Kalamu yenyewe aliishika kwa wasiwasi, na hiyo mia toa saba hata mimi inanitoa jasho. Lakini yale maneno matatu hakukumbuka hata moja, na hilo halihitaji shule.

Nimesoma kuhusu kipimo cha IDEA, kilichojaribiwa kwa wazee wilayani Hai, ambacho hakihitaji kusoma wala kuandika. Mtu anapanga njiti za kiberiti badala ya kuchora. Kuna aliyempeleka mzazi wake akapimwa hivyo, na alianzia wapi? Na je, nisubiri hiyo miezi sita au nitafute daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu sasa hivi?